Mkeka Mweupe wa Shangazi Hikma

Witu, 9 Aprili 2023

Mwanangu Nuha,

Salamu za Ramadhani. Funga hainishindi. Kinachonishinda ni kelele za Fatu, jirani yangu, nazo nashukuru Mungu sizisikii. Juzi alikuja mbio akaniandikia kwenye karatasi kwamba Gikomba imeungua na kibanda chako cha mitumba kimo. Nikakaa chini. Kisha nikasimama, kwa sababu kukaa chini hakujawahi kumfaa mtu.

Marehemu baba yako alikuwa ndugu yangu wa pekee, nawe ndiye mtoto wa pekee aliyetuachia. Mimi sikujaliwa. Basi sina mwingine wa kumpa nilicho nacho, na nilicho nacho ni ukili, utepe wa kushonea mikeka. Katika robota hili mna wa zambarau, wa kijani na mwekundu, nimeusuka kwa mikono yangu kwa miyaa, majani ya mkoma wa huku kwetu. Kusuka ni kazi yangu. Kuushona ukili kwa ukili mpaka uwe mkeka, hiyo itakuwa yako. Sindano kubwa nimeifunga kwenye kitambaa.

Laza ukili kando ya mwenzake, upitishe uzi wa miyaa kwenye kingo zote mbili, uvute kwa upole. Ukivuta kwa hasira mkeka hukunja uso, na mkeka uliokunja uso haulaliki. Najua wewe ni mtoto wa Nairobi, umezoea vitu vilivyokwisha kushonwa na watu usiowajua. Jaribu. Mikono yako ni ya kwetu, itakumbuka hata kama wewe hujui.

Simu sina haja nayo tangu homa inizibe masikio. Niandikie. Barua haidai masikio.

Shangazi yako,
Hikma


Mowlem, Nairobi, 22 Mei 2023

Shangazi, shikamoo.

Robota lilifika salama, na chumba changu chote kikanuka kwenu. Nilishona, nikafumua, nikashona tena. Vidole vimenivimba, lakini nimepata mkeka mmoja na vikapu vidogo.

Nina jirani hapa mlango wa pili, Lorine, mtu wa Busia, hufuma vitambaa vya makochi. Yeye ndiye aliyeniambia habari za maonyesho ya kazi za mikono. Watu hukodi meza kwenye uwanja wa shule upande ule wa matajiri, wakauza walivyotengeneza wenyewe. Tukakodi moja, tukagawana nusu kwa nusu.

Shangazi, nilipatikana! Nilimwaga vitu vyangu mezani rundo, kama ninavyojua mimi, watu wapekue. Kisha nikaanza kuita, “Mama karibu, shika uone, kushika si kununua!” Askari wa geti akaja akaniomba nipunguze sauti. Lorine akanivuta mkono: “Nuha, hapa si Giko! Hawa watu hawaitwi, wanangojwa.” Nikaacha kuita. Mtu akiuliza bei, nikataja ya juu nikingoja aiteremshe, tukutane katikati kama binadamu. Hakuna aliyeteremsha. Walisema asante wakaenda zao, nikabaki na bei yangu mdomoni.

Sikuuza hata kikapu. Mkeka ulipita mikononi mwa watu wengi, wakaugeuza, wakaurudisha. Nilipofika nyumbani nililia, sikufichi. Nilifikiri moto ulichukua nguo tu, kumbe ulichukua na ujuzi wangu, kwa maana kuuza ndicho kitu pekee nilichokuwa nakijua.

Nakutumia huo mkeka uutazame, unieleze kosa langu.

Mwanao,
Nuha


Witu, 11 Juni 2023

Nuha, mama,

Mkeka nimeutazama. Kona ya kushoto imepinda kama njia ya mbuzi. Mahali pamoja umeshona ukili chini juu. Rangi umezipanga kama mtu aliyevaa gizani. Fatu amecheka mpaka amekaa. Lakini usilie, mkeka wangu wa kwanza mama yangu aliufunikia kuku. Huu nitaufumua siku nikipata nafasi, nikurudishie ukili wake.

Nimewaza juu ya hao watu wasioitwa. Nakwambia jambo moja: kaa pale mezani ushone. Usiwatazame. Mtu akiona mkono unafanya kazi husimama, hata kama ana haraka. Akisimama atauliza. Akiuliza, mwambie nani alisuka na miyaa ilikatwa wapi. Mimi siwezi kufika huko, lakini jina langu halihitaji nauli.

Nimekuongezea ukili wa rangi. Na chini kabisa ya robota kuna mweupe, usiotiwa rangi hata kidogo. Huo usiufanyie haraka. Mkono wako ukishatulia, ushone mkeka mmoja mwembamba, wa kulala mtu mmoja, uniwekee. Mkeka mweupe una kazi yake.

Kula vizuri. Fatu asema sauti yako kwenye simu ni ya mtu asiyekula.

Hikma


Mowlem, 30 Julai 2023

Shangazi wangu wee!

Leo naandika nikicheka peke yangu. Nilifanya ulivyosema. Nilikaa nikashona, kichwa chini. Wakasimama! Nikawaambia kuna mwanamke Witu, masikio yake hayasikii lakini vidole vyake vinasikia kila jani, na watu wakaja karibu zaidi ili wasikie. Bei niliandika kwenye vipande vya karatasi, sikubishana na mtu. Vikapu vya rangi viwili vilitoka.

Lakini siri ilikuwa kwingine. Nilikuwa nimeubeba ule ukili mweupe ili nianze kuushona palepale, na kila aliyesimama aliugusa huo. Wanauita wa asili, hawataki rangi. Lorine akaninong’oneza, “Manze, hiyo nyeupe ndiyo wanataka, shona hiyo!” Kwa hiyo Shangazi, usinikasirikie. Ule mkeka wa mtu mmoja sikuushona. Niliukata ukili wote nikatengeneza mikoba, nikaipeleka maonyesho yaliyofuata, na sehemu kubwa ikaisha kabla ya adhuhuri. Mmoja nilimpa Lorine kwa kunifungua macho. Iliyobaki ilichukuliwa na dada mmoja anaitwa Eve, ana duka la zawadi, akasema ataniletea kazi nyingi.

Nimelipa kodi bila kukopa. Nimenunua godoro. Nimekumbuka jinsi mtu anavyotembea akiwa hana deni la huzuni.

Mkeka wako utausuka mwingine, si muda upo? Nitaushona vizuri kuliko huo. Nitumie mweupe, Shangazi, mweupe tu!

Nuha wako


Witu, 20 Agosti 2023

Nuha,

Umefanya vizuri. Mfanyabiashara hufuata macho ya mnunuzi.

Nimecheka kidogo. Hapa kwetu ukipita na ukili mweupe begani watu hukupa pole. Huko wanakupa pesa. Dunia ni pana, nami nimekaa kwenye kipembe chake kimoja.

Nakuletea mweupe mwingine. Si mrefu kama ule. Mvua zimechelewa na miyaa ni migumu mwaka huu, hivyo nasuka polepole. Usikatae rangi moja kwa moja. Iko siku watachoka na weupe, watarudi kuitafuta.

Unayosema kuhusu godoro yamenifurahisha. Nimemwambia Fatu, naye amewaambia wote.

Shangazi yako


Mowlem, 10 Septemba 2023

Shangazi, shikamoo.

Ule utani wako wa pole sikuuelewa. Nilimsomea Lorine, naye hakuuelewa, tukacheka tu kwa kuwa wewe ulicheka.

Eve anataka mikoba myeupe mingi ya kuuza wakati wa Krismasi. Mimi pia nimepata nafasi kwenye maonyesho makubwa ya Novemba, yale ambayo huchagua watu. Wameniandika jina kwenye bango: Nuha na Shangazi. Lorine alinipiga picha chini yake nikiwa nimefumba macho.

Naomba jambo moja, usinione mtovu wa adabu. Ukili uliokuja mara hii umelegea. Kuna mahali jani limeruka, na upana haulingani mwanzo na mwisho. Nimelazimika kutupa vipande. Labda umewapa watoto wa jirani wakusaidie? Wateja wa huku wana macho makali. Ukiweza, Shangazi, suka kwa nguvu kama zamani, na tusichelewe.

Nikimaliza Novemba nitakuja kukuona. Ni miaka mingi mno.

Nuha


Witu, 1 Oktoba 2023

Kwa Nuha binti Imran,

Mimi ni Fatu. Barua hii naitia ndani ya robota kabla sijalipeleka kwenye basi, yeye hajui, na usimwambie. Ningekupigia simu, namba yako ipo, lakini siku hizi nashinda kando ya mkeka wake na yeye husoma midomo. Ningelia, angejua.

Shangazi yako anaumwa tangu kabla ya Ramadhani. Ni tumbo. Tulimpeleka Malindi, daktari akatupa dawa za maumivu akasema tumlishe anachopenda. Hakuna watoto wa jirani wanaomsukia. Anasuka mwenyewe, kalala ubavu, ukili kifuani. Ndiyo maana umelegea. Barua yako ile aliisoma mara moja, akaikunja, akafumua alichokuwa amesuka siku hiyo akaanza upya, kwa nguvu, mpaka vidole vikatoa damu. Sikulaumu. Ulikuwa hujui.

Sasa nikueleze la mkeka mweupe, maana naona baba yako hakukufundisha. Kwetu mtu akishakuwa mzima husuka ukili wake mweupe akauweka. Ni wa mkeka atakaolazwa siku yake. Mwenyewe husuka, na mtu wa damu yake humshonea. Bibi yako alisuka, Hikma akamshonea. Hikma hana binti. Ana wewe. Ule ukili wa kwanza ulioukata ulikuwa huo. Aliusuka alipokuwa na nguvu, kila jani kalichagua. Alipokuwa anakufundisha kushona kwa barua, mimi nilijua anakufundisha nini.

Ulipoandika kuwa umetengeneza mikoba, alicheka mbele yangu. Kisha akageukia ukuta akakaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Kila anachosuka sasa anataka kiwe chake, na kila barua yako ikija ukiomba, anakufungia. Humu mna kipande kifupi. Nadhani ni cha mwisho.

Nimesema. Unisamehe.

Fatu


Mowlem, 15 Oktoba 2023

Shangazi mpenzi, shikamoo.

Mimi ni mzima. Ukili umefika na ni mzuri sana. Ni mzuri kuliko wote. Yale niliyoandika kuhusu kulegea uyasahau. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa yamelegea. Usinitumie mwingine. Eve amesema nipumzike kidogo, mikoba ipo ya kutosha. Wewe pia upumzike.

Nataka kukushonea dera la kuvaa nikija. Nimepata kitambaa kizuri Eastleigh, chepesi, rangi ya maziwa. Naomba uniambie una urefu gani. Nilipokuona mara ya mwisho nilikuwa mtoto, nawe ulikuwa mrefu kama nyumba. Lorine aliniuliza, nikaona sijui. Nimekula ukili wako miezi hii yote na sijui urefu wako.

Naomba unijibu mapema.

Mwanao anayekupenda,
Nuha


Witu, 29 Oktoba 2023

Nuha, mwanangu,

Dera halishonwi kwa urefu wa kuulizia namna hiyo. Dera ni gunia lenye heshima, linamfaa yeyote. Fatu amekuandikia. Nilimuuliza, akakataa kwa mdomo na kukubali kwa macho. Usimjibu kwa ukali, hajui kuficha kitu hata sukari.

Mimi ni mfupi. Baba yako alikuwa akiniita kijiti. Nikisimama kwenye mlango wa Fatu, kichwa kinafika kwenye komeo la juu. Fatu amenipima kwa kamba, ndiyo hii niliyoifunga hapa na barua. Amepima akilia, basi huenda ameongeza kidogo.

Kwanza ufute machozi, wino unaenea. Sikukasirika. Niliumia, hilo ni kweli, nami sitakudanganya kwa kuwa mimi ni mtu mzima. Ukili ule nilikuwa nauona kila siku juu ya kabati, nilikuwa nikiutazama napata utulivu. Nilitaka kukwambia ni wa nini, kalamu ikakataa. Mtu aliyetoka kuunguliwa na kibanda, umwambie akushonee mkeka wa kuzikwa? Nikasema, mkono wake utulie kwanza, nitamwambia. Kisha ukaja na godoro lako na furaha yako. Nilikuwa na miezi mingi sijasoma mtu aliyefurahi. Nikanyamaza, na ningenyamaza tena.

Lakini naogopa, Nuha. Kufa siogopi sana. Nimechoka, na wengi wangu wako huko. Naogopa kulazwa juu ya kitu cha mtu mwingine, kama mgeni aliyepitiwa na usiku akaazimwa mahali. Mikeka ipo Witu, watatoa. Mimi nilitaka wangu, ulioshonwa na wangu. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililonibakia kulitaka.

Ukiweza kushona kwa hicho kipande cha mwisho na ulichobaki nacho, shona. Kisipotosha, basi. Na maonyesho usiyaache. Jina langu liko kwenye bango, usinitie aibu.

Hikma, kijiti


Mowlem, 14 Novemba 2023

Shangazi,

Mkeka umekwisha. Leo Jumanne nimeupandisha basi, umefungwa kwa nailoni kwa sababu ya mvua. Nataka nikueleze ulivyopatikana, ili ukiona alama usishangae.

Kipande cha mwisho kilinitosha kichwani na mabegani tu. Nikaenda kwa Eve dukani. Nilikuwa nimetayarisha uongo, nikafika nikasahau, nikamwambia ukweli wote mbele ya wateja. Akashusha mikoba iliyokuwa imebaki kwenye rafu. Akampigia mama mmoja aliyenunua miwili, na yule mama akaileta mwenyewe, mmoja una doa la chai. Mingine iliishia kwa watu wasiojulikana, mingine imepanda ndege. Hiyo sikuipata, na kila nikiifikiria naona aibu.

Ulikuwa bado umepungua miguuni. Lorine alikuwa amekaa nami akinishikia kingo. Akatoka bila kuaga. Akarudi na mkoba wake, ule niliompa, ambao hubebea Biblia na miwani kila Jumapili. Aliumwaga vitu kitandani akanipa. “Fumua,” akasema. Nikamwambia ilikuwa zawadi. “Fumua, Nuha. Shangazi hatapungukiwa mimi nikiwepo.” Kwa hiyo, Shangazi, pale miguuni ni pa Lorine. Nadhani hutajali.

Nilifumua yote, nikaloweka ukili, nikaunyosha chini ya godoro lile lile. Matundu ya uzi wa kwanza yanaonekana ukiuinua kwenye mwanga. Niliushona kwa kufuata kamba yako. Sikuvuta kwa hasira. Kona zote nne zimenyooka. Nimezipima na zimenyooka, Shangazi.

Nisamehe. Sina namna nzuri ya kuliandika. Nilikuuliza kama muda upo, wewe ukanitumia muda wako umefungwa kwa kamba, mimi nikalalamika kuwa umelegea.

Maonyesho ni Jumapili. Jumatatu napanda basi. Mkeka utanitangulia. Uutazame tu, usiutumie. Uniahidi.

Nuha


Witu, 2 Desemba 2023

Nuha mwanangu,

Ni mimi Fatu. Siku ile niliyokupigia simu ulilia nami nikalia, na mvua ikakata mtandao, hatukuambiana kitu. Barabara bado haipitiki vizuri, najua ulifika Malindi mkarudishwa. Basi acha nikuandikie, ulipate lote.

Hikma alifariki Ijumaa ya tarehe kumi na saba, adhuhuri, adhana ikiwa inaendelea. Hakuisikia, lakini aliona nimefunga kinywa akajua, akafunga na yeye.

Mkeka wako ulikuwa haujafika. Mto ulifurika, maji yakafunika barabara kule Gamba, na magari ya mizigo yakalala Garsen. Nilimwambia Alhamisi kuwa umekwama. Nilidhani atavunjika moyo. Alininyooshea kidole mahali alipolalia.

Nuha, ule mkeka wako wa kwanza, wa rangi, wa kona iliyopinda, hakuufumua. Alikuwa ameulalia tangu Juni. Kila nilipomwambia nimpe mwingine laini alisema huu unatosha. Alhamisi hiyo aliniambia, “Wa Nuha usipofika, huu hapa. Huu pia nimeusuka mimi, naye kaushona. Umepungukiwa nini? Rangi tu imezidi.” Kisha akanishika mkono kwa nguvu akasema nisikubali wamlaze kwa mkeka wa mtu.

Tulimuosha, tukamvika sanda. Wanaume walipokuja, Ustadh Musab aliutazama ule mkeka wa zambarau na kijani, akanitazama mimi. “Ma Fatu, huu wa harusi ama wa maiti?” Mikeka myeupe ilikuwa imeletwa mitatu na majirani, imesimamishwa ukutani. Nikamwambia mwenyewe ameusia. Akawaza, kisha akasema rangi haimzuii mtu kufika. Wakamlaza. Walipombeba kupita mlangoni kwangu, kona ile iliyopinda ilikuwa imetokeza nje ya shuka. Hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Mkeka mweupe ulifika jana kwa lori. Nimeufungua. Nimeona matundu, nimeona doa la chai, nimeona miguuni pa rafiki yako. Nuha, ni mkeka mzuri. Angekutafutia kosa siku nzima, asilipate, akakasirika.

Niambie niufanyie nini. Watu wawili wenye wagonjwa wameshauulizia. Nimekataa mpaka useme.

Fatu


Mowlem, 10 Desemba 2023

Ma Fatu, shikamoo.

Asante kwa kunioshea mtu wangu. Asante kwa kusimama mbele ya Ustadh.

Maonyesho nilikwenda ile Jumapili, kwa sababu alisema nisimtie aibu. Nilikaa chini ya bango lenye jina lake. Watu walisimama wakaniuliza ni nani aliyesuka, nikawaambia. Walipouliza kama bado anasuka, Lorine ndiye aliyejibu. Niliuza vyote vya rangi. Cheupe sikuwa nacho, na sitauza tena.

Mkeka usimpe mtu, Ma Fatu. Utandike pale alipokuwa akikaa kusukia, uniwekee kwa siku yangu. Barabara ikifunguka nakuja. Nimekwisha kujipima kwa kamba ile aliyonitumia. Mimi ni mrefu kumliko, ninampita kwa kiasi cha mkono mmoja, na kipande hicho kinachopungua lazima kisukwe na mwenyewe.

Kushona alinifundisha. Kusuka sijui. Nakuomba unifundishe.

Nuha binti Imran